Kamati ya shule ya msingi ina meno? Majibu ya aliyewahi kukalia kiti

Mkuu, umeuliza mambo matatu. Umechaguliwa mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ya serikali kijijini kwenu, hapa Tanzania, unataka kujua kama kamati ina meno au ni muhuri tu wa mwalimu mkuu. Kama kuna posho. Na kama ukubali uenyekiti, maana wazazi wameshaanza kukusogeza huko. Waliotangulia kukujibu wamekwambia ukimbie. Mimi nimekaa kwenye kamati ya namna hiyo, kwanza mjumbe wa kawaida, baadaye mwenyekiti, katika wilaya ambayo sitaitaja. Jibu langu: meno yapo, ila hayapo pale ambapo watu wengi wanayatafuta.

Tuanze na pale ambapo hayapo. Wazazi wakishakuchagua, kitu cha kwanza watakachokuletea ni mwalimu. Fulani mtoro, fulani analewa, fulani anachapa watoto kupita kiasi, "nyie kamati mnafanya nini?" Kamati haimwajiri mwalimu, haimfukuzi, haimhamishi. Uhamisho ni wa mkurugenzi wa halmashauri na wakubwa zake, nidhamu inakwenda Tume ya Utumishi wa Walimu. Unachoweza ni kuandika. Sisi tulikuwa na kesi ya utoro, malalamiko yakapigwa kwa mdomo weee, yakawa yanaishia chini ya mwembe pale pale shuleni. Siku tuliyokaa kikao tukaorodhesha tarehe na vipindi ambavyo darasa halikuwa na mtu, tukapeleka kwa Afisa Elimu Kata na nakala kwa mtendaji, mambo yalianza kutembea. Hakufukuzwa, na sisi hatukuwa tunataka afukuzwe. Alianza kuingia darasani.

Sasa fedha, maana najua ndiko macho ya wengi yaliko. Tangu Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 elimu ni bila ada, na kuanzia Januari 2016 ruzuku ya serikali ikawa inatoka Hazina moja kwa moja hadi akaunti ya shule. Watu wakisikia hivyo wanadhani shule imekuwa mgodi. Piga hesabu mwenyewe. Kipindi changu kiwango kilikuwa Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na katika hiyo Sh 4,000 inabaki serikalini kwa ajili ya vitabu, shuleni inafika Sh 6,000. Shule ya watoto 700 inapata Sh 4,200,000 kwa mwaka, yaani Sh 350,000 kwa mwezi. Humo utoe chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjika, vifaa vya michezo, nauli ya mwalimu mkuu kwenda halmashauri. Na hiyo elfu kumi si ya jana: Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza mwaka 2002 ruzuku ilipangwa dola 10 kwa mtoto, ambayo wakati ule ilikuwa kama hiyo elfu kumi. Saruji ya 2002 na saruji ya leo unazijua.

Kwa hiyo ukiingia kwenye kikao na fikra kwamba utamkamata mwalimu mkuu anakula mamilioni ya ruzuku, utapoteza muda na mtaharibu uhusiano bure. (Mamilioni yakiliwa, yanaliwa kwenye ujenzi. Nakuja huko.)

Meno ya kamati yako kwenye muhtasari. Mwalimu mkuu ndiye katibu wa kamati kwa wadhifa wake, yeye ndiye anayeandika, na ndiye mwenye shida na karatasi hiyo. Anataka kutumia fedha nje ya mpango, ataombwa muhtasari. Anataka wazazi wachangie kitu, muhtasari. Mkaguzi wa ndani akija, cha kwanza anaomba faili la vikao. Mwalimu mkuu hawezi kuridhia peke yake halafu akaandika "kamati iliridhia", labda kama kamati yenyewe imelala.

Na kamati nyingi zimelala kwa njia moja ambayo nataka uijue mapema. Mnafika, karatasi ya mahudhurio inazungushwa, mnasaini majina na namba za simu, mazungumzo yanapigwa nusu saa, soda, mnaondoka. Muhtasari unaandikwa baadaye ofisini, na ile karatasi mliyosaini inabanwa nyuma yake. Kipindi nikiwa mjumbe tulikuja kusomewa muhtasari wa kikao kilichopita, tukakuta "wajumbe kwa kauli moja waliridhia ununuzi wa mashine ya kudurufu". Hakuna aliyekumbuka mashine. Mama mmoja, muuza maandazi pale njiapanda, ambaye kwa kawaida hasemi sana, akauliza, "Mwalimu, hiyo kauli moja ilitoka kinywani mwa nani?" Pakawa kimya. Mwenyekiti wetu wa wakati huo akagoma kuweka sahihi mpaka kipengele kile kiondolewe, na kikaondolewa. Mashine yenyewe wala haikuwa ya wizi, tuliijadili baadaye tukaipitisha, mitihani ya majaribio ilikuwa inachapwa mjini kwa gharama kubwa. Lakini tangu siku ile muhtasari ulisomwa mwanzo wa kila kikao, mstari kwa mstari, na ajenda ya yatokanayo haikurukwa tena.

Kwa hiyo usikubali kikao kinachorukia mengineyo kabla ya kusomewa kilichopita. Na omba kuona ripoti ya wathibiti ubora wa shule (wale tuliozoea kuwaita wakaguzi) wakishapita. Wale wanaandika mambo mengi ya maana kuhusu ufundishaji, na ripoti inalala kabatini bila mzazi yeyote kuiona.

Ujenzi sasa. Fedha za madarasa au vyoo zikija kwa utaratibu wa force akaunti, shule yenyewe ndiyo inajenga kwa fundi wa kawaida badala ya mkandarasi, na zinaundwa kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi. Kila mtu atataka kuingia ya manunuzi, wanadhani ndiko kuliko na ulaji. Wewe, kama una macho na una msimamo, omba ya mapokezi. Bei inaweza kuwa safi kabisa kwenye karatasi na kitu kilichoshushwa kikawa kingine.

Sisi tulikuwa na mzee mmoja, fundi mstaafu. Lori lilipofika na nondo alienda na kipande chake cha nondo ya milimita 12 kutoka nyumbani, akawa anakilinganisha na zile zilizoshushwa, moja moja, pale juani. Zilizokuwa juu ya mzigo zilikuwa 12. Za katikati zilikuwa 10. Dereva akasema yeye ni dereva tu. Mzee akasema sawa, basi sisi tunapokea za juu tu, za katikati rudi nazo, na kwenye hati ya mapokezi tunaandika idadi tuliyopokea, siyo iliyoandikwa kwenye ankara. Bati vivyo hivyo: mkataba unasema geji 28, mnaletewa geji 30 ambayo ni nyembamba zaidi, na kwa macho ya kawaida zote zinang'aa. Siku hizi manunuzi yanatakiwa kupita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, ni vizuri, lakini mfumo haushiki nondo mkononi.

Halafu kuna suala la nguvu za wananchi. Zile fedha za madarasa za mpango wa UVIKO-19 (korona) mwaka 2021 zilitengwa Sh milioni 20 kwa kila darasa nchi nzima, uwe jirani na kiwanda cha saruji au uwe unavusha mzigo ziwani. Penye gharama kubwa tofauti inafidiwa na mchanga, mawe na maji ya wanakijiji, na anayewaita wanakijiji ni kamati na serikali ya kijiji. Hapo ndipo utajua kama wazazi wanakuheshimu.

Jambo lililotutoa jasho kuliko yote halikuwa ujenzi. Lilikuwa uji. Mwezi Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango mashuleni, na ikaelekezwa kwamba anayetaka kuchangia kwa hiari apitie kwa mkurugenzi, walimu wasishike fedha za wazazi. Kwetu uji ulisimama, na mahudhurio ya darasa la kwanza na la pili yakashuka waziwazi, watoto wanatoka mbali. Tulipokuja kuurudisha, kwa mkutano wa wazazi na kibali, swali likawa moja: mtoto ambaye mzazi wake hajachangia anakunywa au hanywi?

Tulibishana kikao kizima mpaka giza likaingia. Upande mmoja wakasema asiyechangia akinywa, mwezi ujao hakuna atakayechangia. Na walikuwa na hoja, tusiwadharau. Upande mwingine tukasema huwezi kumsimamisha mtoto dirishani amwangalie mwenzake na kikombe kwa sababu ya baba yake. Tukapitisha wote wanakunywa, deni linafuatwa kwa mzazi kupitia wenyeviti wa vitongoji, na jina la mtoto halisomwi mstarini. Ikawa kama walivyotabiri: muhula ule mahindi yalipungua na baadhi ya waliochangia walininunia. Kilichookoa ni kuhamisha muda wa kuchangia. Badala ya Januari, wakati ghala ni tupu na kila mtu ananunua madaftari, tukaanza kukusanya mahindi mara baada ya mavuno. Hata hivyo hawakuchangia wote. Wanaosema kwao wanachangia wote, nawaomba daftari.

Posho: hakuna mshahara, na ruzuku haikuwekwa ili ikulipe wewe kikao. Ukipata soda na nauli, shukuru. Ukiona mjumbe anang'ang'ania nafasi hiyo kwa nguvu isiyo ya kawaida wakati hailipi, mwangalie vizuri msimu wa ujenzi.

Uenyekiti, kubali kama mwalimu mkuu ni mtu mnayeweza kukaa meza moja bila kuogopana. Akikuogopa atakuficha vitu, ukimwogopa utasaini vitu. Kabla hujasema ndiyo, nenda ofisini kwake mchana kweupe, omba muhtasari wa vikao viwili vya mwisho na taarifa ya benki ya robo mwaka iliyopita. Akikutolea siku hiyo hiyo, chukua kiti. Akikwambia "njoo wiki ijayo", na wiki ijayo akakwambia hivyo hivyo, baki mjumbe wa kawaida, omba kamati ya mapokezi, na utafute kipande cha nondo.