Majani ya amarilisi yakilala, usikimbilie maji

Matunguu manne ya amarilisi, lile ua kubwa la chungu linaloota kutoka kwenye tunguu linalofanana na kitunguu, yaliniozea ndani ya msimu mmoja wa vuli, na yote niliyaua mwenyewe kwa maji. Nilikuwa nimeyapanga barazani kwetu Isamilo, Mwanza, chini ya bati, pale tunapokaa jioni kutazama ziwa. Maua yalipokwisha yakaja majani, marefu ajabu, kisha yakaanza kulala moja moja juu ya ukingo wa chungu. Nikajua ni kiu. Nikamwagilia asubuhi na jioni. Yakazidi kulegea, nami nikazidi kumwagilia, mpaka siku niliyogusa tunguu moja likabonyea kama embe bovu.

Chungu cha tano nilikipeleka kwa mama mmoja anayeuza miche kando ya barabara kule Nyegezi. Nilimwamkia, nikamweleza. Hakuuliza habari za maji hata kidogo. Aliuliza, "Unakiweka wapi, mwanangu?"

Jani la amarilisi halina kijiti ndani cha kulishika. Linasimama kwa sababu seli zake zimejaa maji yanayosukuma kuta zake, kama tyubu ya baiskeli iliyojazwa upepo. Kwa hiyo ni kweli, kiu hulegeza jani. Lakini mizizi iliyooza nayo hainywi, hata udongo ukiwa chapachapa, na jani litalala vilevile. Ndiyo maana tunakosea. Chomeka kidole kwenye udongo kwanza. Ukiwa mkavu, mwagilia. Ukiwa na unyevu na majani yamelegea, acha maji, ling'oe tunguu uitazame mizizi: iliyo mizima ni myeupe na migumu, iliyooza ni ya kahawia, inakatika ukiivuta kidogo tu.

Tatizo langu, hata hivyo, lilianzia kwenye mwanga. Maji yalikuja kumalizia. Hapa Mwanza tuko karibu sana na ikweta, jua la mchana linapita karibu na utosi, na bati la baraza linalizuia karibu lote. Wewe uliyeketi pale unaona kweupe, lakini mmea uko gizani. Jani lililokosa mwanga hurefuka kuutafuta, likawa jembamba na laini, halafu uzito wake wenyewe unalilaza. Na kwa kuwa majani haya hukua kutokea chini, penye shingo ya tunguu, lililokwisha kurefuka na kupinda halitanyooka tena hata ukilihamisha. Mabadiliko utayaona kwenye majani mapya.

Hamisha polepole. Mimi chungu kimoja nilikitoa kivulini siku moja nikakiweka kwenye jua la saa sita, majani yakababuka mabaka meupe. Anza na jua la asubuhi, mpaka saa nne hivi, uongeze kidogo kidogo kwa wiki mbili.

Samadi nayo usiimwage. Ikizidi, majani hunenepa bila nguvu. Mimi nachanganya samadi ya zamani, iliyokwisha kuoza kabisa, na mchanga mwingi wa chini ya mawe yetu, ambao haushiki maji, kisha naacha shingo na mabega ya tunguu juu ya udongo.

Kuna kulala ambako si ugonjwa. Majani ya nje, yaliyozeeka, yatainama na kuwa manjano, yaache yakauke. Aina nyingine majani yake hupinda kwa asili. Na lile ua jekundu la duara kama mpira, ambalo huota lenyewe porini mvua zikianza, hupoteza majani yote kiangazi: tunguu linapumzika, punguza maji ulisubiri. Nisichokubali ni kukata majani mabichi kwa sababu yameinama, au kuyafunga fundo ili bustani ionekane nadhifu. Majani hayo ndiyo yanayolilisha tunguu, na ua la mwakani linatoka kwenye akiba hiyo.

Neno moja kwa wenye watoto: matunguu haya ni sumu. Ukiyang'oa, usiyaweke jikoni karibu na vitunguu vya kupikia.

Kile chungu cha tano sasa kiko kwenye ngazi za upande wa mashariki. Majani yake ni mafupi kuliko yale ya barazani, mapana, na tangu masika hayajagusa ukingo.