Nilipoa kiroho nikiwa kiongozi wa maombi

Mleta mada, nimesoma swali lako mara mbili. Unasema huu ni mwaka wa nne tangu uokoke, ibadani hukosi, kwaya unaimba, lakini ukipiga magoti peke yako maneno yanakauka, na unauliza wenzako tunadumuje. Wachangiaji wa juu mmoja amekuambia ufunge siku saba, mwingine amesema hukuokoka sawasawa. Huyo wa pili simwelewi kabisa. Mimi nitakusimulia yangu, uchukue la kukufaa.

Nilipoa nikiwa kiongozi wa kikundi cha maombi. Ufunguo wa chumba cha maombi nilikuwa nao mimi, ratiba ya mikesha naipanga mimi, mtu akilemewa usiku simu inaita kwangu. Kuomba mbele za watu kulishakuwa ufundi: najua pa kupandisha sauti, pa kunyamaza, na andiko gani litawatoa watu machozi. Jumapili moja mama mmoja mzee alinishika mkono akasema, "Mwanangu, maombi yako yamenigusa." Nikajibu "Utukufu kwa Mungu", nikaenda kuketi. Nikafungua Biblia yangu, ile ya karatasi, kwa sababu simu ilikuwa imeisha chaji. Utepe ulikuwa kwenye Nehemia sura ya 4. Nilipouvuta, ukaacha alama nyekundu iliyopauka katikati ya ukurasa, jinsi ulivyokaa pale muda mrefu. Nikajiuliza niliuweka lini. Kabla ya Pasaka. Na wiki hiyo tulikuwa tunapanga mkesha wa mwaka mpya.

Si kwamba nilikuwa sisomi. Nilisoma sana kwenye simu, ila nilikuwa natafuta mistari ya kuwapa wengine. Kama mpishi anayeonja chumvi kutwa nzima na kulala na njaa.

Kosa langu la kwanza baada ya hapo lilikuwa kudhani tatizo ni kanisa. Nikaona mahubiri yamepoa, watu hawapendani kama zamani, nikaanza kuhudhuria kwingine kimyakimya. Kule nikachangamka kama miezi miwili hivi, kisha ukavu uleule ukanifuata.

Baadaye nilikuja kusoma habari za Evagrius wa Ponto, mtawa aliyeishi jangwani Misri na kufariki mwaka 399. Alieleza uchovu wa roho unaomvamia mtawa kuanzia saa nne hadi saa nane ya mchana. (Saa hizo ni zetu zilezile, zinahesabiwa tangu macheo, kwa hiyo sisi tunamwelewa bila kupiga hesabu.) Jua linaonekana kama limesimama. Mtawa anachungulia dirishani kuona kama saa tisa, saa ya kula, imekaribia. Kisha anaanza kuwaza kwamba ndugu zake hawana upendo tena, na kwamba pako mahali pengine ambapo angempendeza Mungu kwa urahisi zaidi. Nilicheka peke yangu. Miaka zaidi ya 1,600 imepita na mawazo yangu yote alishayaandika! Ushauri wake mkubwa ni mfupi: usitoke chumbani mwako. Sisemi mtu asihame kanisa kamwe, zipo sababu halali, mafundisho potofu mojawapo. Ila usihame kwa sababu ya ukavu.

Hapo ndipo neno "kesheni" lilipoanza kunieleweka. Nilikuwa nalichukulia kuwa ni kuwaka moto muda wote, na nisipowaka najiona nimekufa. Lakini mlinzi wa usiku haulizwi anajisikiaje. Anaulizwa kama yupo lindoni na macho yake yako wazi. Soma barua kwa kanisa la Sardi, Ufunuo 3: lina jina la kuwa hai kumbe limekufa, na linaambiwa likeshe. Watu wa Sardi walilielewa onyo hilo vizuri kwa sababu ngome yao ilikuwa juu ya mlima wenye magenge makali, na bado ilitekwa mara mbili, karne ya 6 na tena karne ya 3 KK. Mara zote mbili adui alipandia upande ambao hawakuulinda, wakiamini hapapandiki. Kwangu mimi upande huo ulikuwa huduma. Nilijilinda na pombe, na uzinzi, na fedha za watu. Sikuwahi kufikiri ningesinzia nikiwa nimeshika kipaza sauti.

Nilichofanya hakikuwa kikubwa. Nilimwendea mchungaji nikaomba nipumzike uongozi kwa miezi mitatu. Wengine walinong'ona kwamba nimeanguka dhambini, na iliniuma, sikufichi. Nikaanza na robo saa kila asubuhi, kiti kilekile, simu nimeiacha chumba kingine. Nilisoma zaburi moja kwa sauti, basi. Wiki za kwanza nilikuwa naangalia saa kama yule mtawa. Nikikosa la kusema nilisema hivyohivyo: "Bwana, leo sina neno." Kwa kweli hiyo ilikuwa sala yangu ya kwanza ya ukweli kwa muda mrefu. Usiku kabla ya kulala nilijiuliza leo nilisinzia wapi: nilipomjibu mtu kwa kiburi, au nilipoahidi "nitakuombea" nikasahau. Nilikuwa natubu lile moja kwa jina lake, si "nisamehe dhambi zangu zote" ya jumla jumla.

Kuhusu kufunga: nafunga, napenda kufunga, lakini siku saba kwa mtu aliyekauka zinaweza kumpa jambo jingine la kujivunia au la kushindwa. Anza na kitu ambacho utakifanya hata siku mbaya.

Jambo moja zaidi nakuomba ujichunguze. Pale Gethsemane waliolala walikuwa Petro, Yakobo na Yohana, wa karibu kabisa, na Luka anasema walilala kwa sababu ya huzuni. Kama umefiwa, au una jambo limekuvunja moyo na hujamwambia mtu, huenda huo ukavu ni majonzi. Eliya alipotamani kufa, malaika hakumhubiria; alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Mtafute mtu wa kuongea naye, na usingizi ukikosa kwa wiki kadhaa nenda kwa daktari pia, si ukosefu wa imani.

Utauliza kama moto umerudi. Siku nyingine upo, siku nyingine haupo, na siku hizi sipimi tena kwa huo. Nina rafiki ambaye tumekubaliana kupigiana simu kila Alhamisi usiku, na swali ni moja tu: umekaa na Bwana mara ngapi wiki hii ukiwa peke yako? Alhamisi iliyopita nilijibu, "Mbili kati ya saba." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi tatu." Tukaomba, tukakata simu.