Mpishi Anajibu: Nyama yangu ya kupaka mkate haishiki

SWALI: Pole na kazi, mpishi. Mimi ni mama wa watoto watatu. Nyama ikibaki huwa naisaga, nawapakia kwenye mkate wa kubeba shuleni. Tatizo haishiki: mara inatoka kavu chengachenga, nikizidisha mayonezi inakuwa uji, na saa ya kula ikifika mkate umelowa. Isitoshe, kesho yake inanuka kiporo hata kama haijachacha. Nakosea wapi? Na kwenye friji inaweza kukaa siku ngapi?

JIBU: Nimeshapoa, dada. Nadhani unatia kila kitu kwenye blenda kwa mpigo mmoja kisha unabonyeza. Blenda ikikuta nyama na majimaji pamoja haikati vizuri. Iliyo karibu na visu inasagika hadi kuwa rojo, ya juu inabaki vipande, nawe unaendelea kubonyeza ukisubiri ya juu ishuke. Ikishuka, ya chini imeshakuwa uji.

Halafu kuna suala la maji. Nyama ikipikwa, nyuzinyuzi zake hujikaza na kukamua maji yaliyokuwa ndani, na maji hayo yalikwenda kwenye mchuzi jana. Ukiongeza maziwa au mayonezi nyingi leo, unyevu haurudi ndani ya nyama. Unabaki pembeni ukingoja mkate uufyonze. Kwa hiyo usihangaike kuilowesha. Inahitaji mafuta ya kuzivika nyuzinyuzi hizo, na kitu cha kuzigandisha pamoja.

Anza na nyama baridi iliyotoka kwenye friji muda huohuo, maana ya vuguvugu hupondeka badala ya kukatika. Toa mifupa na kano zote. Kama ni ng'ombe au mbuzi, toa pia mafuta meupe yaliyoganda, kwani hayayeyuki vizuri mdomoni na huacha utando kwenye kaakaa. Ya kuku hayana neno. Katakata kwa kukingama na nyuzinyuzi, vipande vidogo kama kete, kisha tia kwenye blenda ikiwa kavu, bila tone la kitu. Bonyeza na kuachia, bonyeza na kuachia, mara nane hivi, ukikwangua pembeni. Simama ikifikia ukubwa wa chenga za mchele. Huna blenda? Kisu kikali na ubao vinatosha, na mimi binafsi napenda zaidi ya kisu.

Sasa hamishia kwenye bakuli, blenda imemaliza kazi yake. Kwa gramu 250 za nyama, tia kwanza gramu 40 za siagi laini na uipondeponde kwa uma hadi usione tena weupe wa siagi. Ndipo ufuate na vijiko viwili vya chakula vya mayonezi, kijiko cha chai cha haradali na pilipili manga. Siki au ndimu iwe ya mwisho, kijiko cha chai kimoja. Siagi ikitangulia inazivika nyuzinyuzi, na ikipoa inazishika.

Kuna kitu kingine ambacho wengi wanakiosha kwenye sinki bila kujua thamani yake. Tazama chini ya bakuli la nyama ya jana, hasa ya kuku mwenye mifupa au nyama ngumu iliyochemshwa muda mrefu. Utaona kama jeli inayotikisika. Hiyo ni jelatini iliyotoka kwenye kano na ngozi. Chukua vijiko viwili, chemsha, acha ipoe kidogo ikiwa bado majimaji, changanya, kisha rudisha bakuli kwenye friji kwa saa moja. Ukifanya hivyo punguza mayonezi iwe kijiko kimoja.

Kipimo changu ni uma. Pitisha meno yake juu ya mchanganyiko. Mifereji ikisimama bila kujaa maji, tayari. Ikibomoka, ongeza siagi kidogo. Ukiona maji yanachuruzika ndani ya mifereji, mtuhumiwa wa kwanza ni kitunguu kibichi. Kikate, kitie chumvi, kikae dakika kumi, kisha kikamue hasa kwa mkono. Chumvi ya nyama ionje ikiwa imeshapoa, kwa sababu ubaridi hupunguza ladha. Na kabla ya kupaka nyama, paka kila kipande cha mkate siagi nyembamba hadi kwenye kingo. Siagi huzuia unyevu kuingia.

Ule mnuko wa kiporo hausababishwi na uchafu wako. Nyama ikipikwa, madini ya chuma yaliyomo huachiliwa na kuharakisha mafuta kuharibiwa na hewa. Ukisaga, unafungulia hewa milango mingi zaidi. Basi hifadhi nyama ikiwa pande kubwa, imefunikwa vizuri, ikiwezekana ndani ya mchuzi wake, na usage siku ya kula. Iliyokwisha kusagwa ikandamize kwenye chombo isiwe na mapengo, umwagie juu siagi iliyoyeyushwa. Haradali na pilipili manga hufunika kiasi kilichobaki.

Kuhusu siku, hapo sina mzaha. Ni siku tatu hadi nne kwenye friji yenye nyuzijoto 4 au chini ya hapo, na unahesabu tangu siku nyama ilipopikwa. Kuisaga hakuanzishi hesabu upya. Nyama iliyoiva iingie friji ndani ya saa mbili, kwenye chombo kipana ipoe haraka. Iliyolala mezani usiku kucha itupwe, hata kama hainuki. Kuna bakteria wanaoacha sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi. Mkoba wa shule nao unahesabiwa. Kama watoto wanakula zaidi ya saa mbili baada ya kutoka nyumbani, gandisha chupa ndogo ya maji na uibananishe na kopo la mkate ndani ya mfuko unaohifadhi ubaridi.

Friza pia inafaa, ila gandisha nyama na siagi peke yake, kwa vifurushi vya mkate mmoja mmoja. Mayonezi ikiganda na kuyeyuka hujitenga, mafuta huku, maji kule. Ongeza asubuhi ya kula.

Na huo uji ulio nao sasa usiumwage bado. Kama nyama yake haijapita siku ya nne, ponda yai moja lililochemshwa likakauka vizuri, changanya, upoze nusu saa. Utashika. Kama imepita, hapo hata mimi sina dawa. Mwaga.