Mvue mtoto kofia, umtazame macho

Kamwene ndugu zangu. Wiki hii nilikuwa nimeandaa makala ya uji wa mtoto wa miezi sita, lakini itasubiri; leo ni manjano ya watoto wachanga. Jumanne usiku, saa nne na kitu, mama mmoja wa Makambako alinitumia ujumbe: "Dada, samahani kwa usiku. Mwanangu ana siku mbili, macho yamekuwa ya njano, ananyonya kidogo tu analala. Mama mkwe anasema nimwanike juani asubuhi itaisha. Nifanyeje?"

Sikumjibu kwa maandishi. Nilimpigia palepale, nikamwambia amwamshe mume wake, wakodi bajaji, waende hospitali usiku huohuo. Alisita kidogo, akasema kuna baridi. Nikamwambia baridi naijua, na hiyo baridi ndiyo iliyonifichia mwanangu.

Wengine mmekuja hapa karibuni, kwa hiyo naeleza upya. Mwanangu wa kwanza nilimzaa Mafinga, mwezi wa sita, mimba ikiwa ya wiki 36. Anayeijua Mafinga ya mwezi wa sita anajua ukungu unavyokaa mpaka saa nne asubuhi. Tuliruhusiwa kurudi nyumbani kesho yake. Mama mkwe, ambaye nampenda na ananipenda, alimvalisha mtoto masweta mawili, soksi, kofia ya sufu iliyoshuka hadi kwenye nyusi, akamfunga blanketi juu. Dirisha likafungwa, pazia likashushwa. Kwa siku mbili niliona pua na mdomo tu, tena kwa mwanga wa balbu.

Siku ya tatu nilipomfungua kumwogesha, kifua kilikuwa cha njano, macho ndiyo usiseme. Nikampeleka kwenye kituo kilichokuwa karibu, sitakitaja. Hakuna aliyempima damu, wala aliyeniuliza kundi langu la damu. Niliambiwa, "Ni kawaida, mwanike jua la asubuhi." Nikaanika. Jua lenyewe la kuvizia, mtoto akiwa kwenye blanketi! Jua lile lilimpata puani tu.

Kawaida ni kweli ipo, na hapo ndipo tunaponaswa. Watoto kama 6 kati ya 10 waliotimiza miezi yao hupata manjano wiki ya kwanza, na njiti hufika 8 kati ya 10. Kichanga huzaliwa na chembe nyekundu nyingi za damu, zinazokufa upesi kuliko zetu. Zikivunjika hutoa kitu cha njano kinachoitwa bilirubini, na ini lake bado changa, haliwezi kukisafisha kwa kasi hiyo. Kwa wengi hupanda kidogo, kisha hushuka chenyewe. Kwa wachache hupanda mpaka huingia kwenye ubongo. Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Kipimo ndicho kinachotofautisha.

Wangu alikuwa kwenye wale wachache. Siku ya tano aliacha kunyonya, akawa analia kilio chembamba, kikali, halafu mgongo ukajipinda kama upinde. Nyumba nzima ikasema degedege. Akaitwa mzee wa kumfukiza, na mimi niliyesoma hadi kidato cha sita nilimshika mtoto nikamsogeza kwenye moshi. Tulipoteza siku nzima. Jioni mume wangu alirudi kutoka safari, akamtazama mara moja, akakodi gari. Kilomita kama 80 hadi Iringa mjini, na sikumbuki hata tuliwahi kupita Ifunda.

Kule walimpima, wakamweka kwenye taa za bluu, kisha wakambadilishia damu. Daktari ndiye aliyeniuliza swali ambalo halikuwa limeulizwa: "Mama, wewe kundi gani?" Mimi ni O. Mwanangu ni A, kama baba yake. Kinga za mwili wangu zilipita kwake tumboni zikawa zinavunja damu yake, na juu ya hilo alizaliwa kabla ya wakati. Haikuwa boga nililokula, haikuwa jicho la mtu.

Alipona, namshukuru Mungu. Lakini leo ana miaka sita, na nikimwita akiwa amenipa mgongo hageuki.

Ndiyo maana nilipopata binti yangu nilikuwa mama mwingine. Nilijua mtoto ambaye kaka yake alitibiwa manjano yuko hatarini zaidi. Saa chache baada ya kujifungua nilimvua kofia, nikamsogeza dirishani, nikabonyeza ngozi ya pua kwa kidole na kuachia, nikatazama rangi kabla damu haijarudi. Nikatazama weupe wa macho na fizi, maana kwa sisi weusi ngozi peke yake hudanganya. Kabla ya saa 24 nikaona njano. Nesi akaniambia nisubiri. Nikakataa, nikasema kwa sauti wodi nzima ikasikia kwamba manjano ya siku ya kwanza kamwe si ya kawaida. Wakapima, wakamweka kwenye taa siku ileile. Alikaa siku tatu, macho yamefunikwa, nikimtoa kila baada ya saa mbili kumnyonyesha. Leo anasikia hata ufunguo ukianguka chumba cha pili. Najivunia kelele zile, na ningezipiga tena.

Kwa hiyo jueni makundi yenu ya damu kabla ya kujifungua. Kama kundi lako la damu ni hasi (Rh negative), uliza kuhusu sindano ya ndani ya saa 72 baada ya kuzaa, kwa faida ya watoto wajao. Mtoto aliyevutwa kwa kifaa akatoka na uvimbe kichwani mtazame zaidi, kwa sababu damu ile iliyovilia nayo inavunjika. Mnyonyeshe mara nyingi, kwa kuwa bilirubini hutoka kwa choo, na asiyenyonya hapati choo. Manjano yakifika viganjani na kwenye nyayo, usiulize mtu, nenda hospitali. Yakipita wiki mbili, au choo kikiwa cheupe kama chokaa, rudi hospitali.

Na jambo moja ambalo huku nyanda za juu hatulisemi: naftalini. Tunahifadhi masweta na mablanketi kwenye sanduku pamoja na vile vidonge vya kufukuza nondo, halafu mtoto akizaliwa tunamfunga nayo. Wapo watoto, hasa wa kiume, waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na harufu ile ikiwaingia chembe zao za damu hupasuka kwa wingi. Hujui kama wako ni mmoja wao.

Akina mama wakwe mnaosoma hapa, nawaomba kwa heshima zote. Mtoto lazima apate joto, sibishani. Ila mfungueni kila siku mchana, pazia likiwa wazi, mama yake akiwepo. Na ninyi akina baba, nauli ya hospitali iwe mfukoni kabla mtoto hajazaliwa, siyo mke aanze kukutafuta kwenye simu wakati mgongo wa mtoto umeshapinda.

Mama wa Makambako ameniandikia tena leo asubuhi. Walifika usiku uleule, mtoto akapimwa, akawekwa kwenye taa, na kipimo cha jana jioni kimeshuka. Mama mkwe amekaa pembeni ya taa na hataki kupokewa zamu. Ameuliza nguo zilizokuwa sandukuni azifanyeje. Nimemwambia azifue, azianike nje siku kadhaa, na kwa sasa mtoto avae za kuazima kwa jirani.