Matokeo ya chuo ni ya mwanafunzi, hata kama ada unalipa wewe

Dada, umeuliza kwa nini chuo hapa Dodoma kimekataa kukupa matokeo ya binti yako wa miaka 20. Pole, najua inauma, ila hapo hawajakuonea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamlinda mhusika wa taarifa, na mhusika ni yeye. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Binti yako keshavuka hapo, kwa hiyo risiti ya benki haikupi haki ya kufungua faili lake. Hata Marekani, sheria yao ya 1974 inahamishia haki hiyo kwa mwanafunzi akifikisha 18 au akiingia chuo.

Mwombe aandike barua ya ridhaa, aisaini, ataje anachoruhusu: matokeo tu, au na mambo ya nidhamu. Au afungue akaunti yake ya chuo muangalie pamoja. Mimi na mdogo wangu tulifanya hivyo, hatukugombana.

Kinachoniudhi mimi ni matokeo kubandikwa ukutani na majina kamili. Nilikosoma walifanya hivyo, rafiki yangu aliacha kuja darasani wiki nzima kwa aibu. Yakimkuta binti, alalamike chuoni kwa maandishi, wasiposikia aende Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ofisi yao iko hapa hapa Dodoma.