Folda mbili za mradi mmoja, niunganishe kwa programu gani?

SWALI: Habari mkuu. Tuko wawili tunatengeneza sistimu ya matokeo ya shule kwa PHP. Mwanzo folda ilikuwa moja, jamaa akaikopi kwenye fleshi akaenda nayo kwao, sasa miezi imepita kila mtu kaongeza vyake na mwenye shule anataka kitu kimoja. Natumia kompyuta ya mezani, Windows 10, RAM 4GB. Programu ipi nzuri ya kulinganisha na kuunganisha mafaili? Kuna mtu kanishauri nitafute Beyond Compare iliyokrakiwa. Halafu na ripoti ya mradi iko kwenye Word, nayo ina kopi mbili.

JIBU: Salama mkuu. Hiyo ya kukraki achana nayo, utaingiza virusi kwenye mashine yenye kazi ya mteja kwa kitu ambacho wala hukihitaji. Beyond Compare ni nzuri kweli, nabisha na nani, na wenyewe wanakupa siku 30 za kujaribu ambazo zinahesabiwa zile siku unazoifungua tu, kwahiyo ukiipenda ijaribu kihalali. Ila ukija kununua angalia, toleo la Standard haliunganishi kwa pande tatu (yaani kopi ya mwanzo, yako na ya mwenzako kwa pamoja), hiyo iko kwenye Pro, na kwa kazi yako pande tatu ndo kila kitu.

Kabla hujadaunlodi chochote jiulize hivi: ile folda kama ilivyokuwa siku jamaa anaikopi, bado unayo popote?

Nauliza kwasababu programu ikiwa na mafaili mawili tu inachoweza kukwambia ni kwamba hapa pana tofauti, basi, nani kabadilisha haijui. Chukua faili la matokeo.php, kwako alama za majaribio ni 40 na kwa jamaa ni 30. Ipi sahihi? Ukiwa na kopi ya mwanzo na inasema 30, maana yake jamaa hakugusa, wewe ndo ulibadilisha, chukua 40. Ikisema 40 basi mabadiliko ni yake, chukua 30. Ikisema 25 wote mmegusa na hapo hakuna programu itakayowaamulia, mpigie simu mkae mkubaliane. Na mstari uliopo kwako ambao kwake haupo ni hivohivo, inawezekana wewe umeongeza na inawezekana yeye kafuta, kwa macho ya mafaili mawili hivyo vitu viwili vinafanana kabisa. Watu wengi wanaharibu kazi hapa, wanabonyeza tu kuhamisha kila kitu kutoka kushoto kwenda kulia wakidhani wanaunganisha, kumbe wanarudisha vitu ambavyo mwenzao alivifuta kwa makusudi.

Kwahiyo itafute hiyo kopi. Angalia ile fleshi yenyewe, angalia zip mliyowahi kutumiana WhatsApp au kwenye imeli, kama mliwahi kuipandisha kwenye hosting ya majaribio nenda kaangalie kule. Hata ikiwa imepitwa kidogo inasaidia.

Ukiipata, weka KDiff3. Ni ya bure, sura yake ya kizamani lakini RAM 4GB haiisumbui. Unaipa folda tatu, A iwe ya mwanzo, B yako, C ya jamaa, na matokeo uielekeze kwenye folda mpya kabisa ili zile tatu zisiguswe. Sehemu zilizobadilishwa na mtu mmoja inazimaliza yenyewe, zile mlizogongana inakuachia uchague, na ninachoipendea ni kwamba faili halisevu mpaka umalize migongano yote, hivyo huwezi kusahau moja katikati.

Usipoipata, tumia WinMerge. Nayo ya bure, ya Windows tu, na kwa kulinganisha folda mbili ni rahisi kuliko zote: inakuonyesha faili lipi liko upande mmoja tu na lipi limetofautiana, unalifungua, Alt na mshale wa chini unaruka tofauti kwa tofauti, Alt na mshale wa kulia unahamishia kulia. Ila hapo maamuzi yote ni yako, kwahiyo bora jamaa awe pembeni au kwenye simu. Meld nayo nzuri na ina pande tatu, kwenye Windows ipo lakini kwao hasa ni Linux, mi ningeiacha kwa sasa.

Kuna vitu vitakutisha ukifungua mara ya kwanza. Unaweza kukuta faili zima limewaka rangi wakati mlibadilisha mstari mmoja. Mara nyingi mmoja wenu editor yake inamalizia mistari kwa mtindo wa Linux na mwingine kwa wa Windows, au mmoja alibonyeza kupanga upya nafasi za faili lote. Kwenye mipangilio ya WinMerge kuna sehemu ya kupuuza nafasi na miisho ya mistari, iwashe. Kwa PHP haina shida, ila siku ukiwa na Python usipuuze nafasi, kule nafasi zina maana. Kingine, funksheni uliyoihamisha kutoka juu kwenda chini itaonekana imefutwa huku na kuongezwa kule. Programu haijakosea, tangu diff, programu ya kulinganisha mafaili ya Unix iliyotoka Bell Labs mwaka 1974, hizi programu zinatafuta mistari inayofuatana kwa mpangilio uleule pande zote mbili, kinachobaki nje ya mpangilio kinahesabika ni tofauti.

Usilinganishe kwa tarehe ya faili pia, chagua yaliyomo. Fleshi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 inaandika muda kwa kuruka sekunde mbili mbili, mafaili yaliyo sawa yanaweza kuonekana tofauti. Na folda za vendor (zile za kodi za watu wengine mlizodaunlodi) na za picha ziondoe kwenye ulinganisho, zinakujazia skrini bure.

Ripoti ya Word usiipeleke kwenye programu hizi, docx ndani yake ni zip. Word yenyewe ina Compare pale kwenye Review, inakutolea hati ya tatu yenye mabadiliko yote, unakubali moja moja. LibreOffice nayo inaweza.

Halafu kuna kitu hujakiuliza na ndo kitakachokusumbua zaidi, database. Kila mmoja ana MySQL yake na bila shaka kuna safuwima kaongeza, na KDiff3 haitaiona. Nenda phpMyAdmin, ile ya kusimamia database kwenye browser, toa muundo tu bila data, kila mtu faili lake la sql, hayo mawili yapitishe WinMerge. Ukimaliza kuunganisha ingia kama mwalimu ujaze alama, toka, ingia kama mzazi uone matokeo, maana kama jamaa alibadilisha jina la funksheni na wewe kwenye faili lako jipya unaita jina la zamani, hakuna mgongano utakaoonekana, utakutana nayo pale ukurasa ukigoma kufunguka.