Barua kwa mwanangu: lile sanduku la posta

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, isipokuwa goti langu, nalo linalalamika asubuhi tu. Uliniuliza kwenye simu, haraka haraka kama kawaida yako, kama tuendelee kulipia lile sanduku la posta la marehemu babu yako au turudishe ufunguo, maana mwaka mzima limepokea kalenda moja na barua ya mtu tusiyemjua. Ukasema ni hesabu tu. Mimi tangu siku ile sijapiga hesabu, nawawaza mapostamasta.

Wewe ulifungua macho ukakuta Shirika la Posta. Mimi nilikua na Posta ya Afrika Mashariki, stempu moja ina majina ya nchi tatu. Jumuiya ikavunjika 1977, posta na simu zikawa shirika letu wenyewe, na 1994 simu ikahama ikaenda kujitegemea. Yote hayo yalifanyikia Dar es Salaam. Pale kwetu kilichobadilika ni kibao cha mlangoni. Mji wenyewe ulizaliwa na kiu ya injini. Wajerumani walianza reli Dar es Salaam 1905, wakafika Dodoma 1910 na Tabora 1912, na garimoshi la mvuke haliendi bila maji. Palipochimbwa maji pakawa na tangi, palipo na tangi pakawa na stesheni, na penye stesheni watu hawakukosa wa kumwandikia. Basi ndipo likaja dirisha la posta.

Nimewaambieni tangu mkiwa wadogo: posta si jengo, posta ni mtu aliye dirishani.

Yule wa kwanza ninayemkumbuka alikuwa mtu wa pwani, miwani yake imefungwa kwa uzi. Treni ya Kigoma ikiingia usiku ilimkuta amekwisha simama na taa ya chemli. Gadi anamshushia mfuko wenye lakiri, anatia saini, anaubeba begani mwenyewe. Asubuhi unasikia muhuri kutoka barabarani, du-du, mara moja kwenye wino, mara moja kwenye barua. Wasiojua kusoma aliwasomea. Lakini habari ya msiba hakuisoma dirishani hata siku moja. Alimwita mtu ndani, akampa kiti kwanza.

Sasa sikiliza jambo hili, maana ninyi wa ujumbe wa simu hamlijui. Kwetu hakukuwa na tarishi wa kukuletea barua mlangoni. Barua huenda kwenye sanduku, sanduku lina mwenyewe, na mwenyewe ndiye mwenye ufunguo. Wa kwetu uliishi kwenye mnyororo mmoja na filimbi ya babu yako, stesheni masta. Kwa hiyo mtu akiniandikia mimi, kwa kanuni alikuwa anaandika kwenye sanduku la stesheni masta.

Baba yako wakati huo alikuwa baharia wa meli ya Liemba, pale Kigoma, na babu hakumtaka. Alisema baharia ana nyumba kila bandari. Alisema pia kwamba meli yenyewe Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao 1916 na Waingereza wakaja kuiibua 1924, na mtu anayefanya kazi ndani ya kitu kilichokwisha kuzama si wa kupewa binti. Mtu wa reli huyo, anaisema vibaya meli ya shirika lake mwenyewe la reli!

Yule wa miwani alijua. Barua za Kigoma hakuzitia sandukuni. Nikipita na ndoo aliinua bahasha nyuma ya kioo, akasema, “Kigoma wamekukumbuka.” Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na mpaka leo nikisikia neno Kigoma mgongo unaninyooka.

Mwaka 1975 akahamishwa. Aliyekuja alikuwa kijana nadhifu, kalamu mbili mfukoni, mizani imefutwa vumbi, foleni imenyooka. Barua za sanduku aliziweka sandukuni. Nilimwuliza mara tatu kama kuna kitu changu, akanijibu kwa adabu, “Dada, mwulize mwenye sanduku.” Ningemwulizaje?

Miezi saba kimya. Hadithi ya migebuka mnaijua, baba yenu alivyoshuka kwenye treni na kapu la samaki wakavu na watu wakacheka. Tuliwaambia alikuja kuposa. Hakuja kuposa. Alikuja kuniuliza kwa nini nimemtupa.

Babu alipofariki nilifungua lile sanduku lake la bati. Chini ya karatasi za mshahara kulikuwa na bahasha tisa, zimefungwa kwa uzi, muhuri wa kila moja unasomeka vizuri kabisa. Hakuna hata moja iliyofunguliwa. Baba yenu alikuwa hai, nikamwonyesha. Tulifungua mbili. Ya pili tulipofika katikati akasema inatosha. Saba ziko kabatini, usiziguse.

Kwa hiyo posta ni mtu. Lakini mtu gani? Yule niliyempenda alivunja kanuni kila wiki, na angekuwa na moyo mbaya, mkono ule ule uliozitoa barua zangu sandukuni ungeweza kuzitia mfukoni. Yule aliyeniliza hakukosea hata herufi moja. Nimelisema hili kwa nafsi yangu miaka yote, na kila mara nafika pale pale: ningekuwa na duka ningemwajiri wa pili, na bado nisingemkaribisha chai.

Na babu yako? Angekuwa na chuki angezichoma, jiko lilikuwepo. Angekuwa na huruma angenipa. Kuziweka tu, amefunga uzi, miaka yote hiyo, mimi napika chakula chake na wajukuu wanampanda magotini... Nikianza kusema alichokuwa, naona naandika neno ambalo hutalisahau, naye alikupenda kuliko wote. Basi nimelikata. Ukiona wino umepakwa hapo juu, ni hilo.

Tangu 2024 treni ya umeme inafika Dodoma, na wanasema itatufikia na sisi. Sijui kama dirisha litakuwepo. Kulipa au kufunga ni shauri lako, wewe ndiye unayejua hesabu.

Ila ya mwaka huu nimekwisha kuilipa, Jumanne, na risiti nimeitia kwenye bahasha hii. Aliye dirishani sasa ni binti mdogo. Aliniuliza kama nina barua ninayoisubiri.

Mama yako